Wingi wa vitabu vya Grace Livingston Hill si ushahidi wa uhafifu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo la mwanzoni mwa mwezi huu, aliandika kwamba riwaya za Kikristo hazistahili kuitwa fasihi, na akamtolea mfano mwandishi wa Marekani, Grace Livingston Hill, aliyeandika vitabu zaidi ya 100, akidai kuwa hakuna awezaye kuandika vitabu vingi namna hiyo ila kwa kurudia hadithi moja na kubadilisha majina ya wahusika. Sina ugomvi na ndugu huyo, na baadhi ya aliyoyasema nitayakubali huko mbele. Hata hivyo hukumu yake imesimama juu ya hesabu peke yake. Anayempima mwandishi kwa hesabu ya vitabu, asiulize viliandikwa katika hali gani, kwa ajili ya nani na nani alivilipia, anamdhulumu mwandishi huyo, na anatupotosha pia sisi tunaotamani kuona riwaya za namna hiyo zikistawi kwa Kiswahili.

Hill alizaliwa Wellsville, katika jimbo la New York, tarehe 16 Aprili 1865, siku ya Pasaka, kesho yake baada ya kifo cha Rais Abraham Lincoln. Baba yake, Charles Montgomery Livingston, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri. Mama yake, Marcia Macdonald Livingston, aliandika hadithi, lakini aliyekuwa na jina kubwa katika ukoo huo ni mama yake mdogo, Isabella Macdonald Alden, ambaye wasomaji walimjua kwa jina la Pansy. Huyu naye aliandika vitabu zaidi ya 100, akahariri gazeti la watoto lililobeba jina hilo hilo, na vitabu vyake vilijaa katika maktaba za shule za Jumapili nchini Marekani. Yafaa tukumbuke kwamba katika karne ya 19 wachungaji wengi wa Kiprotestanti waliiona riwaya kuwa ni kishawishi kinachomwondoa kijana katika Biblia na katika kazi, na kwamba kina Pansy ndio waliotoa hoja, kwa vitendo, kuwa hadithi ya kubuni inaweza kumlea msomaji. Kwa hiyo binti huyu alikulia katika nyumba ambamo kuandika kulikuwa kazi ya kila siku kama kushona na kupika, kazi yenye saa zake, yenye mtu anayeisubiri na yenye malipo mwishoni.

Alipokuwa mtoto, mama yake mdogo alimsikiliza akisimulia hadithi, akaipiga taipureta kadiri alivyokuwa akiisema, kisha akaipeleka kwa mchapishaji wake, na siku ya zawadi mtoto akakabidhiwa kitabu kidogo chenye jalada, chenye jina lake. Baadaye mama mdogo huyo huyo alimpa karatasi 1,000 za taipureta pamoja na salamu za kumtakia azigeuze kuwa dola zisizopungua idadi hiyo. Nimeyasema haya mawili kwa sababu yanaonyesha malezi ambayo sisi hatuna. Mtoto huyu aliambiwa mapema kwamba hadithi yake inafaa kuchapishwa, na aliambiwa bila kuona haya kwamba uandishi ni ajira.

Kitabu chake cha kwanza cha ukubwani, A Chautauqua Idyl, kilitoka mwaka 1887. Wakati huo familia ilikuwa imehamia Winter Park, Florida, ambako Grace alifundisha mazoezi ya viungo katika Chuo cha Rollins. Kila kiangazi walitamani kurudi kwenye makusanyiko ya Chautauqua, kando ya ziwa huko New York, ambako tangu mwaka 1874 watu walikutana kusikiliza mahubiri, mihadhara na muziki. Mwaka huo fedha za safari hazikuwapo. Grace akaandika kisa cha maua, miti na wanyama walioamua kufanya kusanyiko lao wenyewe, mchapishaji akakinunua, na nauli ikapatikana. Msomaji mwenzangu anaweza kusema kwamba huo ni uandishi wa kutafuta fedha. Ni kweli. Namwomba tu aniambie ni kosa gani kwa seremala kuchonga meza kwa sababu anahitaji kodi ya nyumba, na kama meza hiyo husimama vibaya kwa sababu hiyo.

Mwaka 1892 aliolewa na Frank Hill, mchungaji, nao wakajaliwa mabinti wawili, Margaret na Ruth. Mwaka 1899 mume wake alifariki baada ya kuugua kidole tumbo, ugonjwa ambao leo hospitali ya wilaya huutibu kwa upasuaji wa kawaida, na haukupita muda mrefu baba yake naye akafariki. Katika kipindi kisichofika mwaka mzima mwanamke huyu alijikuta na watoto wawili wadogo na mama mjane, bila mume, bila baba, na bila mshahara wowote wa kanisa, kwa maana mshahara wa mchungaji hukoma siku ya maziko yake na nyumba ya kanisa humngoja mchungaji mwingine. Wengi wetu tuliolelewa karibu na kanisa tumewaona wake za wachungaji katika hali hiyo na tunajua jinsi michango inavyopungua baada ya arobaini.

Yeye alikuwa na kalamu. Alihamia Swarthmore, Pennsylvania, mji mdogo wenye chuo na shule nzuri karibu na Philadelphia, akaandika hadithi za kutoka kwa mfululizo na vitabu vidogo vidogo, na kwa mapato hayo akajenga nyumba na kuwasomesha mabinti zake. Aliolewa tena mwaka 1904, ndoa haikumletea furaha, wakatengana, na jina la Lutz linaloonekana kwenye majalada ya baadhi ya vitabu vya miaka hiyo ndilo alama pekee ya ndoa hiyo katika kazi yake. Tangu hapo hadi kifo chake, tarehe 23 Februari 1947, akiwa na umri wa miaka 81, nyumba yake ilitegemea meza yake ya kuandikia. Katika miaka ya 1930 alikuwa akitoa riwaya zipatazo tatu kila mwaka, na alikuwa tayari amevuka miaka 65. Mswada aliouacha haujamalizika, Mary Arden, ulikamilishwa na binti yake Ruth na kuchapishwa mwaka 1948. Wingi wa vitabu alioutaja msomaji mwenzangu chanzo chake ni hapo.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe, kwa sababu mtu anaweza kuwa mjane mchapakazi na bado akaandika vibaya. Namwomba ndugu huyo asome Marcia Schuyler, riwaya ya mwaka 1908 ambayo ilianzisha uhusiano wake wa miaka 40 na nyumba ya uchapishaji ya J. B. Lippincott ya Philadelphia. Kisa kimewekwa katika New York ya mwanzoni mwa karne ya 19. Kate, binti mkubwa, anatoroka na mwanamume mwingine katika mkesha wa harusi yake, na David, bwana harusi aliyeachwa, anamwoa mdogo wake, Marcia, mwenye umri wa miaka 17, ili aibu isiiangukie nyumba ya mkwewe. Baada ya hapo Hill haharakishi mapenzi. Anamwacha msichana huyo avae nguo zilizoshonwa kwa kipimo cha dada yake, aingie katika nyumba iliyopangwa kwa ajili ya dada yake, apokewe na shangazi wa mume waliokuwa wakimtarajia dada yake, na asikilize kila mgeni akimpongeza kwa bahati ambayo haikuwa yake. Hatuelezwi kwa maneno mengi kwamba Marcia anaona uchungu. Tunauona katika nguo na vyombo anavyovishika. Mwandishi anayeweza kubeba huzuni ya mhusika kwa gauni na sahani, sura baada ya sura, anaijua kazi yake, hata kama alilipwa kwa kuiandika.

Au achukue The Enchanted Barn ya mwaka 1918, ambayo mwaka uliofuata ilifanywa filamu isiyo na sauti. Shirley Hollister ni karani wa hati mkato mjini. Baba hayupo, mama ni mgonjwa, wadogo zake wanamtegemea, na nyumba duni wanayopanga inakaribia kubomolewa. Siku moja akiwa kwenye tramu analiona ghala la mawe lililoachwa tupu nje ya mji, anashuka kwenda kulitazama, na kesho yake anakwenda ofisini kwa mwenye mali kuuliza kama anaweza kulikodi ili waishi humo. Mazungumzo ya ofisini ni ya mtu anayejua woga wa mpangaji maskini: jinsi anavyosema haraka kwamba hawataharibu kitu, jinsi anavyokwepa huruma kwa sababu huruma ikizidi itageuka sadaka, jinsi kijana tajiri aliyekaa upande wa pili anavyogundua kwamba hajawahi kufikiri maana ya kodi. Hill alijua kuhesabu kodi kwa sababu aliihesabu mwenyewe. Kitabu hicho baadaye kinaingia katika visa vya kutekwa na siri za vita zilizoandikwa kwa hati mkato, na hapo, kwa maoni yangu, kinalegea, lakini sura za mwanzo za kuhama ni nzuri kuliko riwaya nyingi zinazosifiwa kwa uzito wake.

Imani ya wahusika wake nayo haikubandikwa juu ya kisa. Katika The Witness, ya mwaka 1917, mwanafunzi mmoja anamwona mwenzake, ambaye wanachuo walizoea kumdhihaki kwa ulokole wake, akifa katika moto wa jumba la maonyesho huku akiwaokoa wengine, na tangu hapo anahisi kwamba kuna Mtu anayetembea naye. Kitabu kizima ni jaribio la kijana huyo kuishi na jambo ambalo hawezi kulithibitisha mbele ya marafiki na walimu wake. Asiyeamini anaweza kukisoma na kubishana nacho, na hilo ndilo ninalolitaka kwa riwaya yoyote yenye imani. Tena Hill hakuiacha imani kwenye karatasi. Huko Swarthmore alifanya kazi ya shule ya Jumapili miongoni mwa wahamiaji wa Kiitaliano, na mwaka 1919, pamoja na Evangeline Booth, aliyekuwa kiongozi wa Jeshi la Wokovu nchini Marekani, alitoa kitabu kuhusu huduma ya jeshi hilo kwa askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, habari za kweli zilizoandikwa kwa mkono wa mtunzi wa riwaya.

Niliahidi kukubali ninayopaswa kukubali. Ni kweli kwamba vitabu vya miaka yake ya mwisho vinafanana. Msichana mwema ni maskini na amefiwa, tajiri mwovu anavuta sigara, anacheza dansi na kunywa, kijana sahihi anaokoka katika sura ya tatu kutoka mwisho, na mali inatokea pasipotarajiwa kuwatunza wote. Ni kweli pia kwamba baadhi ya watumishi weusi na wageni katika vitabu vyake wamechorwa kwa macho ya tabaka lake na wakati wake, na msomaji wa Kiafrika hana wajibu wa kulipita jambo hilo kimya. Mahubiri nayo yalirefuka kadiri alivyozeeka, hata pengine mhusika anasimama kusikiliza somo zima la Biblia na kisa kikasimama pamoja naye. Mimi ningemshauri mtu aanze na vitabu vya mwaka 1908 hadi 1920 na asijilaumu akichoka na vile vya miaka ya 1930. Lakini tutambue kwamba kosa hilo si la riwaya za Kikristo peke yake. Waandishi wa riwaya za upelelezi waliotoa vitabu vitatu kwa mwaka walirudia mbinu zao vivyo hivyo, na hatusemi kwamba upelelezi hauwezi kuzaa fasihi. Tunachagua vitabu vyao vizuri na kuviacha vibaya. Hill anastahili haki hiyo hiyo.

Liko jambo jingine ambalo naona limesahauliwa kabisa katika mjadala huu. Vitabu vya Hill vinavyojulikana zaidi havikuchapishwa na kanisa. Lippincott ilikuwa nyumba ya kibiashara iliyochapisha vitabu vya tiba na riwaya za kila aina, na vitabu vyake vilikaa kwenye rafu moja na vya wengine, vikanunuliwa na mtu aliyetaka kisa kizuri cha jioni, awe muumini au asiwe. Ndiyo maana alilazimika kujifunza kumshika msomaji. The Best Man, ya mwaka 1914, inaanza na mjumbe wa siri wa serikali anayekimbia maadui zake na kuingia kanisani kwa bahati, ambako anajikuta akifungishwa ndoa na bibi harusi asiyemjua. Hakuna mtu anayeweka chini kitabu cha namna hiyo. Baadaye mambo yalibadilika. Mwaka 1979 nyumba ya uchapishaji ya Kikristo ya Bethany House, huko Minnesota, ilitoa Love Comes Softly ya Janette Oke, mke wa mchungaji kutoka Alberta, Kanada, na mauzo yake yakawashawishi wachapishaji wa Kikristo kwamba riwaya inalipa. Tangu hapo riwaya za Kikristo zilipata maduka yake, tuzo zake na wasomaji wake, na waandishi wake wakapata riziki, jambo ninalolifurahia kwa moyo wote. Ila zilipata pia ukuta, kwa kuwa anayemwandikia tu msomaji aliyekwisha kukubali halazimiki kumshawishi mtu.

Nayaandika haya nikifikiria hali yetu. Vyombo vya uchapishaji vya makanisa ya Afrika Mashariki vimetoa kwa miaka mingi tenzi, katekisimu, vitabu vya ndoa na mafundisho ya kipaimara, na kazi hiyo naiheshimu, lakini riwaya ni chache mno. Katika miaka yangu ya kufundisha Kiswahili nimesoma miswada ya vijana wenye vipaji, hasa wasichana, wanaoandika visa vya nyumba za wachungaji, kwaya, wajane na mirathi, wakivijua vitu hivyo kwa karibu kama Hill alivyojua kodi ya nyumba. Mmoja wao alipeleka mswada wake kwa mchapishaji akaambiwa alipie gharama zote za kuchapa, kisha auze nakala mwenyewe kwenye mikutano ya injili. Aliuza nakala kadhaa, akaacha kuandika, na sasa ana duka la vifaa vya shule. Hakukosa imani wala kipaji. Alikosa kitu ambacho Hill alikipata tangu umri wa miaka 22, yaani mtu wa kumwambia: leta kisa, nitakulipa, na ukimaliza leta kingine.

Ndiyo sababu naona madhara katika kauli kwamba wingi ni uhafifu. Kijana anayeisikia hudhani kwamba mwandishi wa kweli hutoa kitabu kimoja katika maisha yake, kwa uchungu, akingoja kusifiwa. Hafundishwi kwamba ufundi huja kwa kuandika vingi. Marcia Schuyler, kitabu kilichomtambulisha Hill kwa umma mpana, kilitoka miaka 21 baada ya kitabu chake cha kwanza. Katikati pana vitabu vidogo ambavyo leo karibu vimesahaulika, na mimi nasema bila vile tusingepata hiki.

Magazeti ya Kiswahili yana desturi ndefu na nzuri ya hadithi za mfululizo, na wengi wetu tulijifunza kupenda kusoma kwa kungojea sehemu inayofuata. Naomba basi, Ndugu Mhariri, gazeti lako litenge ukurasa mmoja kila wiki kwa riwaya ya mfululizo, na kwamba katika kuchagua miswada, kisa chenye imani kisikataliwe kwa sababu ya imani wala kisikubaliwe kwa sababu hiyo. Litangaze wazi idadi ya maneno ya kila sehemu, tarehe ya mwisho ya kupokea miswada na kiasi cha malipo kwa kila sehemu itakayochapishwa, ili mwandishi aliyeko Njombe au Sumbawanga ajue kabla ya kuanza kwamba kazi yake italipwa. Na ndugu yangu niliyemjibu, ambaye kwa barua yake anaonekana kuwa msomaji makini, namwomba akubali kuwa mmoja wa watakaoipitia miswada hiyo na kuikosoa.

Wako katika kazi,
Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Iringa